Kihamba si Shamba: Maoni juu ya Istilahi za Utafiti wa Mwanafunzi wa Insia

Utangulizi

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofungwa kwa likizo ndefu, wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaosoma historia, fasihi, isimu na Kiswahili hutawanyika nchini kufanya utafiti wa kuandikia tasnifu zao. Wapo wanaoteremka katika stendi ya Moshi mjini na kupanda magari ya kwenda Marangu, Kibosho, Machame, Old Moshi na Rombo, wakiwa na daftari, kalamu, barua ya utambulisho kutoka chuoni na kinasa sauti, ambacho siku hizi kimo ndani ya simu. Barua huishia kwa mtendaji wa kijiji. Daftari huishia mezani kwa msimamizi wa tasnifu. Kati ya ofisi hizo mbili ipo kazi ya kuuliza, kusikiliza, kusoma na kuandika, na kazi hiyo yote hufanywa kwa maneno ambayo sisi watu wa lugha tumempa mwanafunzi.

Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo. Hoja yetu ni kwamba tatizo si uhaba wa istilahi. Istilahi zipo, na nyingi zimezoeleka: utafiti, sampuli, hojaji, usaili, data, mtoa taarifa, uwandani. Tatizo ni kwamba baadhi yake ziliundwa kwa kuangalia taaluma za kuhesabu na kupima, kisha tukamtaka mwanafunzi wa insia, yaani wa taaluma zinazomhusu mwanadamu na maneno yake, azitumie vilevile zilivyo. Wakati huohuo tumemfundisha kuyatupa maneno ya mahali anapofanyia kazi, kwa madai ya kulinda usanifu wa lugha. Mwandishi anakiri mapema kwamba yeye ni miongoni mwa waliofundisha hivyo, na kosa litakaloelezwa hapa chini ni lake.

Utafiti, uchunguzi na upelelezi

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, ambalo lilijulikana kwa jina fupi la UTAFITI mpaka kazi zake ziliporithiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na jina hilo lilidumu hadi mwaka 2009 ilipozaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwaka 1976 jarida la kitivo cha sanaa na sayansi za jamii cha chuo hichohicho lilianza kutoka kwa jina la Utafiti. Kwa hiyo kwa miaka mingi maneno mawili yalikaa jirani, kila moja likitaja kazi ya aina moja, na hakuna aliyeona haja ya kuyatenganisha.

Leo neno utafiti limeshinda, nasi hatuna ugomvi na ushindi huo. Lakini ushindi usituzuie kuuliza kama jirani yake hana kazi. Kuchunguza ni kukitazama kitu kwa karibu sana: herufi ya hati, neno la methali, mpangilio wa beti. Kutafiti ni kazi nzima, tangu kuuliza swali hadi kulijibu kwa ushahidi. Tungefaidika kama tungekubaliana kuwa utafiti ni jina la kazi nzima, na uchunguzi ni jina la kile kitendo cha kukaa na kitu kimoja na kukisoma mpaka kiseme.

Faida yake si ya kinadharia tu. Mwanafunzi wa fasihi au historia anaweza kufanya utafiti kamili bila kumhoji mtu hata mmoja. Chukua kitabu cha Petro Itosi Marealle, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947. Ni kitabu cha Kiswahili, kilichoandikwa na Mchagga aliyekuwa kiongozi, kikieleza mila za watu wake kwa lugha ambayo haikuwa lugha ya mama yao. Mwanafunzi akiuliza mwandishi huyo aliitafsirije dunia ya Kichagga kwa maneno ya pwani, tayari ana swali la utafiti. Lakini fomu nyingi za mapendekezo ya utafiti zitamdai ataje sampuli yake, ukubwa wake na namna alivyoiteua. Mwandishi wa makala haya amesoma tasnifu ambayo mwanafunzi, kwa kutii fomu, aliandika kwamba sampuli yake ni kitabu kimoja kilichoteuliwa kutoka katika jumla ya kitabu kimoja. Tukicheka, tujicheke wenyewe. Mwanafunzi huyo alikuwa na uchunguzi mzuri. Tulichomnyima ni neno la kuuita.

Kuhusu upelelezi, inatosha kusema kwamba neno hilo limekwisha kuwa la polisi. Mwanafunzi anayefika kijijini na orodha ya maswali, asiyejulikana ukoo wake, hana budi kujieleza vizuri asidhaniwe kuwa mpelelezi au mtu wa kodi. Ndiyo sababu jina analojiita linahitaji kuwa neno ambalo mwenyeji analielewa. Aliyesema tu, "Nimekuja kuuliza habari za zamani ili niziandike," hufunguliwa mlango upesi kuliko aliyejitambulisha kwa istilahi tatu.

Mtafitiwa, mhojiwa au msimulizi?

Neno la pili ni jina la mtu anayeulizwa. Katika tasnifu zetu huitwa mtafitiwa, mhojiwa, msailiwa au mtoa taarifa, na mara nyingi majina yote manne hupatikana katika ukurasa mmoja. Kila jina lina mzigo wake. Mtafitiwa ni mtendwa: ni mtu aliyefanywa kitu cha kutazamwa. Mhojiwa ni neno ambalo msikilizaji wa taarifa ya habari hulihusisha na kituo cha polisi. Msailiwa, kwa matumizi ya siku hizi, ni mwombaji wa kazi. Mtoa taarifa ni afadhali, ila hata hilo humfanya mzee kuwa kama sanduku la barua.

Sasa fikiria bibi au babu wa miaka themanini anayeketi chini ya migomba na kueleza, kwa mpangilio wake mwenyewe na kwa hoja zake mwenyewe, jinsi maji ya ukoo yalivyogawanywa. Mtu huyu hatafitiwi. Yeye ndiye anayefundisha. Kwa Kiswahili tunalo neno msimulizi kwa yule anayeeleza, na tunalo neno shahidi kwa yule aliyeona kwa macho yake. Taaluma ya historia huyahitaji yote mawili, kwa sababu kusimulia ulichosikia kwa baba yako si sawa na kusimulia ulichokiona. Neno mtoa taarifa huwafunika wote wawili kwa kitambaa kimoja.

Tusidhani kuwa haya ni mambo ya adabu tu. Kilimanjaro ina mfano wake. Nathaniel Mtui, mwalimu kutoka Marangu, aliandika historia za umangi wa nchi mbalimbali za mlimani katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Maandishi yake yalimfaa mmisionari Bruno Gutmann, yakamfaa Charles Dundas, aliyetoa kitabu chake kuhusu Kilimanjaro mwaka 1924, na yakamfaa Kathleen Stahl katika historia yake ya Wachagga ya mwaka 1964. Je, mtu huyu tumwite nani? Ukimwita mtoa taarifa, umemweka nje ya taaluma, akawa mtu aliyewabebea wengine mizigo. Ukimwita mtafiti, inakubidi umsome kama unavyomsoma mtafiti mwingine: aliuliza nini, alimwamini nani, aliacha nini. Istilahi moja inamfungia mlango, nyingine inamfungulia. Mwanafunzi wa leo anayetoka Moshi kwenda Marangu anastahili kujua kwamba njia hiyo si ngeni, na kwamba aliyemtangulia alikuwa mwenyeji.

Tena wapo waliomtangulia wenye umri kama wake. Mwaka 1968 wanahistoria wa Dar es Salaam, wakati chuo chao kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliendesha mradi wa kukusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ndio waliokwenda kwa wazee kuuliza na kuandika, na walichokusanya kimekuwa hazina ambayo wanahistoria wangali wanaichota. Kazi ya mwanafunzi, basi, si zoezi la kupatia alama tu. Yaweza kuwa ndiyo rekodi ya pekee itakayobaki baada ya msimulizi kufariki.

Kihamba na shamba

Hapa ndipo mwandishi anapolazimika kueleza kosa lake.

Miaka michache iliyopita nilisimamia tasnifu ya mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa pwani, aliyekwenda katika kijiji kimoja juu ya mji wa Moshi kutafiti lugha ya urithi: watu husema nini wanapogawa ardhi. Alikuwa msikivu na mwandiko wake ulikuwa safi. Katika rasimu yake ya kwanza maneno ya wenyeji yalijaa: kihamba, mfongo, masale, mbege. Nilichukua kalamu nyekundu. Pembeni niliandika, "Tumia Kiswahili Sanifu." Kihamba nilikifuta nikaandika shamba. Mfongo nikaufuta nikaandika mfereji. Mwanafunzi, kama wanafunzi wote wanaotaka kumaliza, alitii kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Katika rasimu hiyo palikuwa na maneno ya mjane mmoja mzee. Alikuwa amesema, "Shamba tuliliuza, lakini kihamba hakiuzwi." Baada ya masahihisho yangu sentensi ikawa, "Shamba tuliliuza, lakini shamba haliuzwi." Mwanafunzi aliona kuwa sasa maneno hayana maana, naye kwa kujaribu kuyaokoa akaongeza katika sura ya uchambuzi kwamba mtoa taarifa huyo alijipinga, pengine kwa sababu ya umri. Tasnifu ilipita. Hakuna aliyeuliza.

Mwanafunzi ndiye aliyenizindua. Alikuwa amemwahidi mjane huyo kwamba atamrudishia kazi aisikie, na alitimiza ahadi. Alipofika mahali pale na kusoma kwa sauti, bibi alimkatiza: "Mjukuu wangu, mimi nilisema vitu viwili. Nani amekuambia uandike kimoja?" Swali hilo aliniletea mimi, kwa heshima, bila kuongeza neno. Sikuwa na jibu.

Vitu viwili kweli. Kihamba ni ardhi ya nyumbani huko mlimani, yenye migomba, kahawa, miti ya kivuli, zizi na nyumba. Ndimo walimozikwa wazazi, na ndimo ukoo unamojitambulisha. Hurithiwa kwa taratibu ambazo kwa desturi huwapa nafasi ya mbele mwana wa kiume wa kwanza na wa mwisho, huyu wa mwisho akibaki na nyumba ya wazazi. Shamba, kwa matumizi ya Wachagga wenyewe, ni ardhi ya chini kwenye tambarare, ambako hulimwa mahindi, maharage na ulezi, na ambako watu huteremka asubuhi na kurudi jioni. Neno shamba lilikuwa tayari na kazi yake katika usemi wa mahali pale. Mimi sikusanifisha lugha. Nililinyang'anya neno moja maana yake na kulitwika maana ya jingine.

Matokeo yake si ya darasani peke yake. Nakala ya tasnifu hukaa maktabani. Kesho atakuja mtu mwingine, pengine mtumishi anayeshughulikia hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, asome humo kwamba familia fulani "iliuza shamba" na kuelewa kwamba iliuza makaburi ya baba zake. Na mjane yule ameandikwa katika karatasi ya chuo kuwa mtu aliyepotewa na kumbukumbu, ilhali katika wote watatu, yaani yeye, mwanafunzi na mimi, ni yeye pekee aliyetumia maneno yake kwa usahihi.

Mfongo nao ni hivyohivyo. Ni kweli kwamba ni njia ya maji iliyochimbwa kutoka mtoni kupeleka maji vihambani. Lakini mfereji hautoshi. Kwanza, pwani na visiwani mfereji ni pia bomba la maji, na msomaji wa huko ataona koki mbele yake. Pili, mfongo una ukoo ulioanzisha, una zamu za kunywesha, una siku za kazi ya pamoja za kuuzibua, na una lawama kwa asiyefika. Anayeandika mfereji ametaja shimo tu akawaacha watu.

Inatia haya kidogo kukumbuka kwamba Sally Falk Moore, mgeni aliyeandika kwa Kiingereza, alilihifadhi neno kihamba katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria za kimila Kilimanjaro. Sisi tunaoandika kwa lugha ya Kibantu, iliyo ndugu ya Kichagga, ndio tuliolifuta.

Hoja ya usanifu

Wapo watakaosema kwamba tukifungua mlango huu Kiswahili kitajaa maneno ya kila kilima na kila bonde, na umoja wake utapotea. Hofu hii si ya kupuuzwa. Hata huko Kilimanjaro neno la Rombo si lazima liwe neno la Machame, na walioiainisha lugha ya mlimani wameonyesha kuwa kinachoitwa Kichagga ni kundi la lugha na lahaja zinazotofautiana sana.

Hata hivyo tukumbuke kwamba usanifu wenyewe ulianzia mahali: ni lahaja ya Kiunguja iliyochaguliwa mwaka 1928. Tangu hapo Kiswahili kimekuwa kikichota bara bila kudhoofika. Ikulu limetoka Unyamwezi. Kung'atuka limetoka kwa Wazanaki, na taifa zima lililifahamu Mwalimu Nyerere alipoondoka madarakani mwaka 1985. Na neno kitivo, ambalo ndilo jina la nyumba aliyosomea mwanafunzi wetu kwa miaka mingi, huelezwa kuwa limetoka milima jirani ya Usambara na Upare, likiwa na maana ya ardhi yenye rutuba. Kama neno la ardhi la Wapare lilifaa kuitwa kitivo cha chuo kikuu, neno la ardhi la Wachagga halishindwi kukaa ndani ya tasnifu.

Tunachohitaji ni kipimo. Tunapendekeza maswali matatu. Je, Kiswahili kina neno linalotaja kitu kilekile? Kama lipo, litumike. Hakuna sababu ya kumwandika mbuzi kwa Kichagga. Je, neno lililopo litachanganya vitu viwili ambavyo wenyeji wanavitenganisha? Kama litachanganya, lisitumike. Je, neno la mahali linaingia katika ngeli zetu bila taabu? Kihamba na vihamba, mfongo na mifongo, isale na masale: yote yanaingia kama yaliyozaliwa humu.

Kwa kipimo hichohicho tusiwe wepesi wa kufuta kila kitu. Neno uwandani, kwa mfano, lina kichekesho chake. Mwanafunzi anapanda mlima mpaka kwenye ukungu, nasi tunaandika kwamba yuko uwandani, yaani kwenye nchi tambarare. Lakini hakuna anayepotoshwa na neno hilo, wala hakuna mzee anayeonewa kwalo. Limezoeleka, na likae. Takwimu ni jambo jingine. Takwimu ni tarakimu, na mwanafunzi anayeita masimulizi ya wazee "takwimu zilizokusanywa" anamfanya msomaji atafute jedwali lisilokuwapo. Hapo aandike habari, masimulizi au data, na pale anapozitumia kuthibitisha hoja aandike ushahidi.

Hitimisho

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo manne kwa wanaohusika.

(a) Walimu na wasimamizi wa tasnifu wasifute neno la mahali kabla ya kumuuliza mwanafunzi neno hilo linatenganisha nini na nini.

(b) Mwanafunzi aeleze kila neno la mahali linapotokea mara ya kwanza, ataje kijiji au sehemu alikolisikia, na aweke faharasa mwishoni. Faharasa hizo zikikusanywa zitakuwa msaada mkubwa kwa watunga kamusi.

(c) Watayarishaji wa fomu na miongozo ya utafiti wamwekee mwanafunzi wa insia nafasi ya kutaja matini anayoichunguza, badala ya kumlazimisha abuni sampuli. Na msimulizi na shahidi watajwe kwa majina hayo.

(d) Wafasiri na watumishi wa umma wanaotumia tasnifu hizi katika mambo ya ardhi na maji wasikubali neno shamba katika habari za Kilimanjaro bila kuuliza ni shamba la chini au ni kihamba.

Kuhusu tasnifu iliyoelezwa hapa, mwanafunzi na mimi tuliandika karatasi ya masahihisho, nayo imebandikwa ndani ya nakala iliyopo maktabani. Imerudisha sentensi ya mjane kama alivyoisema, na imefuta maneno kuhusu umri wake. Nakala moja ya karatasi hiyo ilipelekwa kwake kijijini. Wasomaji walio na mifano ya namna hii kutoka sehemu nyingine za nchi wanaombwa wailete, ili jambo hili lijadiliwe kwa ushahidi mpana zaidi.